Mtoto Mpole wa Masaka

Gitega, Kigali
3 Machi 2025

Dada Kabagwira,

Kabla hujasoma habari yenyewe, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na mtu ambaye akichelewa kufungua mlango asubuhi, nusu ya Kigali inakwenda kazini na kiu. Wenye wivu wanasema ni baa ya maziwa tu, viti sita na friji moja. Waache. Juzi afisa mmoja mkubwa, jina lake siwezi kuliandika kwa usalama wa nchi, alisimamisha gari hapa Gitega, akashuka mwenyewe, akaniambia, "Zephaniah, mji huu unasimama kwa watu wawili, wewe na mwingine." Huyo mwingine hakumtaja. Nikampa glasi ya mtindi, akainywa amesimama kama mtoto wa shule.

Sasa habari. Binti yako Belyse amejifungua jana Jumapili. Mtoto wa kiume! Mimi ndiye niliyesimamia. Nilisimamia nikiwa nje ya geti, ni kweli, lakini daktari alijua nipo. Mtoto ni mkubwa, dada, mkubwa kiasi kwamba wauguzi waliitana waje kumwona. Viganja kama vya fundi seremala. Walimpima, lakini mizani ya hospitali mimi siiamini. Kwa jicho langu ni kilo nne.

Kwa kuwa masikio yako yameziba na simu huisikii tena, nimeandika kwa mkono. Jean-Paul wa duka la simu ataipiga picha kwa simu yangu na kuituma kwenye simu ya yule mwalimu jirani yako. Nawe ujibu hivyo hivyo. Usihangaike kuvuka mpaka na mguu wenye plasta. Mkwe wako Manzi bado amekwama Dar na lori lake, anasubiri mzigo bandarini, kwa hiyo mwanaume wa nyumba ile ya Masaka, huku pembeni ya mji, kwa sasa ni mimi. Umelala pazuri.

Na hili la mwisho ndilo litakalokufurahisha. Halii! Watoto wengine wodini wanapiga kelele kama wanadai haki mahakamani. Yeye amelala. Wakimwamsha anyonye, anafungua jicho moja, anaonja, anafunga. Unajua kwetu mtu wa heshima haonyeshi njaa mbele za watu. Wengine hufundishwa miaka. Huyu kazaliwa nayo. Ni imfura kamili, mstaarabu tangu tumboni.

Ndugu yako,
Zephaniah Nsengiyumva
Mkurugenzi


Kayanga, Karagwe
4 Machi 2025

Zefa mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa naondoa chumvi, ya pili namtafuta mjukuu wangu. Nimempata kidogo tu. Mungu ashukuriwe kwa hicho kidogo.

Sasa nijibu kwa maneno machache. Hospitali waliandika kilo ngapi? Sikuulizi jicho lako. Ananyonya mara ngapi mchana na usiku? Nepi zinalowa?

Mtoto mchanga kulala ni kazi yake, silikatai. Sehemu kubwa ya siku anaweza kuwa usingizini. Lakini hulala vipande vipande, kwa sababu tumbo lake halijazidi ngumi yake, likiwa tupu linamwamsha. Baada ya saa mbili au tatu alitake ziwa. Asipolitaka, anaamshwa. Mvueni nguo, msugueni nyayo, mfuteni uso kwa kitambaa chenye maji. Mtoto mchanga hana adabu, Zefa. Asiwe nayo!

Siku za mwanzo atapungua uzito kidogo. Wote hupungua, msishtuke. Kisha anaanza kupanda, na akikaribia wiki mbili awe amerudi pale alipozaliwa. Ndiyo maana kituo cha afya huwataka warudi kupimwa. Hakikisha amekwenda.

Maziwa yako ya baa anywe Belyse, na uji wa mtama anywe wa kutosha. Mtoto asionjeshwe hata tone la ng'ombe.

Belyse hajibu ujumbe wangu. Umemwambia nini? Wewe ambaye watoto wako uliwaona wameshaanza kutembea, usijifanye mkunga.

Dada yako,
Kabagwira


Gitega, Kigali
6 Machi 2025

Dada mpendwa,

Maswali yako ni ya polisi wa mpakani. Hata mizigo yangu ya maziwa haijawahi kuulizwa hivyo. Lakini kwa heshima ya tumbo moja lililotuzaa, najibu.

Uzito. Nilikwenda Masaka na mizani ya Viateur, yule muuza viazi, ile ya kuning'iniza. Tumemfunga mtoto vizuri kwenye shuka, nikainua kwa mkono wangu mwenyewe, sindano ikaenda, ikaenda, ikasimama kwenye nne. Nne kamili! Viateur ni shahidi, na Viateur kwenye kilo hajawahi kumpendelea mtu. Kulikuwa na kablanketi kidogo, na kofia. Ulitaka nimwinue uchi kama kuku?

Kunyonya ananyonya anapotaka. Hatumlazimishi. Nepi sikuzihesabu, mimi ni mjomba.

Kituoni walimwambia Belyse arudi wiki hii. Nimekataa. Dada, umesahau mila kwa kukaa ugenini? Mama na mtoto hawatoki ndani kabla ya kwita izina. Mtoto asiye na jina utampitishaje barabarani, akikutana na jicho baya ataitwa nani aitike? Siku ya nane ni Jumapili. Tutampa jina, watoto wa jirani watakula chakula chao, wakubwa watakunywa, na Jumatatu kituo kitamkuta palepale. Nimealika watu. Sikuwaalika wachache. Gitega nzima inajua kuna mtoto wa kilo nne Masaka.

Belyse nimemwambia asikuandikie mambo ya hofu. Una mguu. Mguu ukisikia hofu hauungi.

Ndugu yako,
Zephaniah Nsengiyumva


Masaka
7 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaongea peke yako mpaka salio linaisha. Jirani yangu anakuja mjini asubuhi, atakuletea karatasi hii mkononi. Tafadhali isome mpaka chini.

Mtoto halii. Najua unaihesabu kuwa sifa. Lakini mjomba, maziwa yamejaa mpaka kifua kimekuwa kama jiwe, blauzi inalowa, na mwenye maziwa yuko hapa ubavuni amelala. Nikimwekea ziwa anavuta mara tatu, nne, analala nalo mdomoni. Namsugua nyayo. Anakunja uso, analala tena. Nepi niliyomfunga alfajiri, mchana huu bado kavu.

Na ile siku ya mizani kulikuwa na mablanketi mawili, na taulo. Hospitali walisema kilo mbili na nusu. Ulikuwa umesimama karibu yangu wakati wanasema. Muuguzi alituambia mbili na nusu si mbaya, kuna wengi wanaoanzia hapo na wanakua, ila mdogo kama huyu anyonyeshwe mara nyingi na asiachwe alale sana. Ulitikisa kichwa kukubali. Kwa nini umemwandikia mama nne?

Nataka kumpeleka kituoni kesho. Manzi nimempigia, anasema yeye yuko mbali, nifuate anavyosema mjomba. Basi sema. Nipe ruhusa, au nipe sababu ambayo nitaiamini.

Mwanao,
Belyse


Gitega
8 Machi 2025

Belyse mwanangu, marahaba.

Nimeisoma mpaka chini, hata jina lako nimelisoma.

Mama wa mtoto wa kwanza huogopa hata kivuli cha pazia. Ni kawaida. Mimi nilipozaliwa, bibi yako alikuwa akiniambia, nililala wiki tatu mfululizo, nikaamka siku ya soko nikaomba kiti. Na niangalie nilipofika.

Mtoto anayelia ovyo anawaaibisha wazazi. Huyu anatutunzia jina. Wewe unataka nimchukue mtoto mpole, nimpeleke mbele ya watu, niseme "mganga, tafadhali, mfanyeni mkorofi"?

Na tuseme ukweli wa kiutu uzima. Nimeshawatangazia watu kilo nne. Mzee Léonidas anakuja kutoka Kagugu na kreti mbili za soda. Donatille wa kanisani anakuja na kwaya. Ukitoka leo ukaonekana kwenye foleni ya kituo, na pale mbele wakasoma mbili na nusu kwa sauti, Jumatatu nitawauzia watu maziwa kwa uso gani?

Siku moja tu. Jumapili apate jina. Jumatatu akiwa bado hivyo, nampeleka mimi mwenyewe, na nakuandikia hapa kwa mkono wangu. Ukitoka kabla, usinihesabu tena kuwa mjomba wako.

Kunywa maziwa niliyokutumia.

Mjomba wako,
Zephaniah


Gitega, Kigali
9 Machi 2025, Jumapili jioni

Dada Kabagwira!

Hujanijibu barua yangu ya Alhamisi, lakini sikulaumu. Nadhani uliposikia kilo nne ulikosa la kusema.

Sasa kaa vizuri. Kigali haijaona siku kama ya leo. Tulijaza ua, tukajaza na ua wa jirani. Watoto tuliwaketisha chini wakaizunguka sinia, maharage na ugali na maziwa, wakala kama wanavyotakiwa kula, kila mmoja akasimama akataja jina alilomchagulia mwenzao. Kakijana kamoja kalimwita Gari. Mimi nilipendekeza Zephaniah, kukawa na kimya kizuri cha heshima. Manzi alipigiwa simu, tukamweka sauti ya juu, akasema mtoto wake ataitwa Sangwa. Ni jina zuri. Sikubishana.

Na Sangwa mwenyewe, dada, laiti ungemwona! Alipita mikononi mwa ua mzima kama kikombe cha sharubati. Hakulia. Kwaya ikaimba juu ya kichwa chake, hakulia. Mtu akaangusha sufuria kwenye sakafu ya saruji, mimi mwenyewe nikaruka, yeye hata kope. Mzee Léonidas akambana shavu kwa utani, "Wewe mkubwa, amka uwasalimie wageni." Wala! Kichwa kikaegemea upande wa pili. Mzee akaniambia, "Zephaniah, huyu ni chifu." Nikamwambia, "Umechelewa kujua."

Na rangi yake! Wenzake huzaliwa wekundu kama nyanya za Musanze. Yeye amepata rangi ya dhahabu. Uso, kifua, mpaka ndani ya macho ni dhahabu tupu. Akinamama wote walishangaa. Ubora wa damu yetu huo.

Tangu asubuhi mpaka wageni wanaondoka hakudai kunyonya hata mara moja. Ana uvumilivu wa mtu mzima. Nepi yake haikubadilishwa na gauni lake la sherehe limebaki safi.

Belyse alilia wakati wa kupokea zawadi. Furaha ilimzidi.

Ndugu yako mwenye fahari,
Zephaniah Nsengiyumva
Mkurugenzi na Mjomba


Kayanga
10 Machi 2025, asubuhi

Zefa,

Simama. Ukiwa unasoma hapa uwe umesimama.

Mwalimu alikuwa Bukoba harusini na simu yake. Amerudi sasa hivi, nimezisoma barua zako mbili kwa mpigo. Funga baa. Nenda Masaka. Mchukue Belyse na mtoto, waende kituo cha afya saa hii, sio baada ya wateja, sio baada ya chai. Hiyo dhahabu ni manjano. Ni ugonjwa. Unamlevya mtoto usingizi, akilevywa hanyonyi, asiponyonya unazidi. Nepi kavu maana yake hakuna kinachoingia. Hakuna mtoto wa siku nane anayevumilia, Zefa. Anakuwa ameishiwa nguvu za kulia.

Nakuandikia jambo ambalo hata Belyse halijui. Wakati wewe umepelekwa kuchunga kwa shangazi, nilizaa mtoto wa kiume, wa kwanza kabisa. Alikuwa mpole. Halii. Watu walikuja na maziwa, wakamsifia hivyo hivyo, imfura, imfura, na mimi nikiwa na miaka ishirini nikazipokea hizo sifa kama zawadi. Nilikuwa namfunika vizuri ili asisumbuliwe. Alikuwa na rangi hiyo hiyo uliyoniandikia. Asubuhi moja nikamfunua. Uliporudi nyumbani, tulikuwa tumeshamaliza matanga na tuliambiana tusiseme tena.

Tulimsifia mpaka tukamzika.

Usinijibu kwa barua. Nijibu kwa miguu.

Kabagwira


Kayanga
11 Machi 2025

Zefa,

Mwalimu ananionyesha alama kwenye simu, anasema picha imefika na imefunguliwa. Kwa hiyo umesoma. Tangu jana umesoma.

Nimekaa mlangoni kwa mwalimu. Kila simu ikiwaka nanyanyuka, ni ujumbe wa watu wake. Mke wake ameniletea chakula, nimekirudisha.

Wewe ambaye hujawahi kukosa neno maisha yako yote, leo umelikosa wapi?

Kabagwira


Hospitalini, Kigali
12 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Sangwa yuko hai. Naliandika hilo kwanza.

Simu ya mjomba ilianguka njiani ikapasuka, na yangu niliisahau Masaka, ndiyo maana tumekaa kimya cha namna hii. Muuguzi amekubali kuipiga picha barua hii kwa simu yake.

Juzi mjomba alikuja na pikipiki mbili, moja yake, moja yangu. Alikuwa amevaa shati kinyume, mishono nje. Hakusalimia. Mama, kutoka Masaka mpaka mlango wa kituo cha afya mjomba hakusema neno hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Walimvua wakamweka kwenye mizani. Kilo mbili na gramu mia. Muuguzi wa pale akamtoa, akamrudisha, akapima tena. Kisha akaanza kwenda haraka. Gari la wagonjwa likatuleta hapa.

Wamemlaza chini ya taa ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, kwa ajili ya manjano. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Wamempitisha mrija mwembamba puani, mimi nakamua maziwa kwenye kikombe, yanamfikia kwa huo mrija, kidogo kidogo. Yanayotoka ni mengi, mama. Yalikuwepo muda wote.

Muuguzi wetu anaitwa Umuhoza, hapendi maneno mengi. Nilimwuliza atapona? Akasema, "Damu inasafishika, sukari imepanda. Sasa mimi namsubiri yeye. Siku akianza kutafuta ziwa mwenyewe, bila kubembelezwa, ndiyo siku na mimi nitakaa chini." Mpaka leo hajatafuta. Ninamgusisha mdomo, mdomo hauji. Kila anayepita namsoma usoni.

Akitolewa kwenye taa kidogo anatakiwa kukaa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, ndani ya shuka, apate joto. Jana nilimshika nikaona giza, nikadakwa na mama wa kitanda cha pili. Umuhoza akageuka akamtazama mjomba. "Mzee, vua shati." Mjomba akasema yeye ni mkurugenzi. Umuhoza akasema, "Sawa. Mkurugenzi, vua shati."

Akavua. Amekaa naye kwenye kiti cha plastiki mpaka miguu ikamfa ganzi.

Nina hasira naye, mama. Sijawahi kumkasirikia mtu hivi. Nilitaka kumfukuza, nikashindwa, kwa sababu mwanangu amelala kwenye kifua chake na kifua kina joto.

Barua yako ya juzi nimeiona. Alinipa niisome kabla simu haijapasuka. Sikujua nilikuwa na kaka.

Utuombee. Sina la kukuahidi.

Belyse


Kayanga
13 Machi 2025

Zefa mdogo wangu,

Natuma kwa simu hiyo hiyo ya muuguzi, atakusomea.

Niliyoandika kuhusu mwanangu sikuyaandika ili yakuue. Niliyaandika ili yakunyanyue, na yamekunyanyua. Usije ukajificha ndani yake sasa.

Mtoto akienda, niambie ameenda. Akibaki, niambie amebaki. Usinipambie. Nimezeeka, naweza kubeba chochote isipokuwa kilo zako nne.

Je, amelitafuta ziwa?

Kabagwira


Hospitalini
15 Machi 2025

Dada,

Nimechana karatasi mbili. Ya kwanza ilianza na daktari mkuu kuniamkia mimi shikamoo. Ya pili ilikuwa afadhali kidogo, lakini nayo ilikuwa na helikopta. Hii ni ya tatu.

Amelitafuta. Jana mchana. Leo mrija wameutoa puani. Ananyonya mchana na usiku, na akicheleweshwa, dada, analia! Analia vibaya, kwa sauti ya mlevi, bila heshima yoyote, mpaka wodi ya pili wanauliza ni nani. Belyse anacheka na kulia kwa pamoja. Ameshalowesha nepi nyingi, na moja ilinilowesha mimi. Macho yameanza kuwa meupe. Umuhoza alikuja akavuta stuli, akakaa chini kama alivyoahidi, akanywa soda yangu bila kuomba.

Uzito asubuhi hii: kilo mbili na robo. Uchi, bila blanketi, bila kofia, bila kidole changu. Bado hajafika pale alipozaliwa. Wanasema atafika, na kwamba tutakuwa tunarudi kupimwa mpaka afike. Nimemtuma Jean-Paul atangaze Gitega kwamba mtoto alizaliwa na mbili na nusu. Amerudi akasema Viateur amekasirika, maana mizani yake imeharibiwa jina. Nitamwendea mwenyewe.

Belyse bado ananijibu kwa kifupi. Ni haki yake. Jana usoni hakunitazama, lakini aliniwekea chakula.

Sasa kuhusu jinsi alivyolitafuta. Najua Belyse atakuandikia. Nimemsihi asiandike, akaniomba kalamu. Kwa hiyo ni afadhali uipate kwangu.

Manzi nimemwambia kwamba niligundua dalili kwa uchunguzi. Kwamba nilikuwa nimemshika, nikamsoma pumzi, nikaona mdomo unafanya ishara fulani, nikamwita muuguzi kwa sauti ya utulivu. Manzi ameamini, anashukuru sana, amesema ataniletea shati la kitenge kutoka Kariakoo.

Dada, sikuchunguza kitu. Nilikuwa nimesinzia kwenye kile kiti cha plastiki, mdomo wazi, mtoto kifuani ndani ya shuka. Belyse amekwenda kukamua. Wanawake wa wodi wanaongea yao. Nikaota kuku anatembea juu yangu. Kumbe ni kichwa chake. Kinakwenda huku, kinarudi, kinagonga mfupa, kinatafuta, na mdomo umefunguka mkubwa kuliko uso. Kabla sijaamka vizuri akapata alichofikiri ni chenyewe.

Alishika chuchu yangu. Mimi, Zephaniah Nsengiyumva. Akaivuta kwa nguvu ambazo siku zote nilizokuwa naandika kilo nne sikuwahi kumdhania kuwa nazo.

Umuhoza alikuja mbio, sahani ya sindano ikaanguka, wanawake wote wakasimama. Hakunihurumia hata kidogo. Alinyanyua shuka, akaangalia, akapiga makofi: "Anatafuta! Mwiteni mama yake, upesi, anatafuta!" Belyse akaja na kikombe mkononi, maziwa yanamwagika, akampokea, akamwekea. Wote tukainama kusikiliza. Kisha tukasikia anameza. Unaujua ule mlio, dada. Mimi nilikuwa siujui.

Nikajifuta, nikavaa shati.

Lakini umesema nisikupambie, basi nimalizie. Kilichomleta Umuhoza mbio hakikuwa sauti ya utulivu. Sikuita muuguzi. Nilipiga ukunga, mbele ya akinamama wote, "Mama wee, ananiua!", na nikalia machozi, kwa sababu iliuma.

Zefa